Pesa Zake Tunazipokea, Hatari Zake Hatuzijui

Tuanze na jambo ambalo kila kijiji kinalijua lakini hakuna anayependa kulisema barazani.

Msichana ametoka nyumbani kwenda mjini kutafuta kazi. Kwanza tunasikia ameajiriwa kama yaya. Halafu tunasikia ameacha, sasa yuko kwa baa. Baada ya miezi michache pesa zinaanza kuja kwa simu. Karo ya ndugu yake inalipwa. Mabati yananunuliwa. Mama yake analeta mchango wa kikundi bila kuchelewa hata siku moja. Hakuna anayeuliza. Kisha siku moja msichana anarudi nyumbani, uso umevimba, au amekonda, au amechoka tu. Hapo ndipo midomo inafunguka. "Si tulijua?" Kumbe tulijua. Tulijua na tukapokea.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi wanawake wanaouza ngono wanavyojikinga na hatari za kila siku. Hatuandiki ili kuisifu kazi hiyo, wala ili kumtupia mtu jiwe. Tunaandika kwa sababu wengi wao ni binti zetu na dada zetu, na kwa sababu silaha yao kubwa ni ile ile mliyo nayo ninyi, yaani kikundi. Mwanamke aliye peke yake ndiye anayeumia. Na mara nyingi ni sisi tunaomfanya awe peke yake.

SI JAMBO LA JUZI

Watu wengine husema mambo haya yameletwa na dunia ya sasa. Si kweli. Mtaa wa Pumwani, Nairobi, ulikuwa na wanawake wa biashara hii tangu miaka ya 1920, wakati wa ukoloni. Mwanahistoria Luise White aliwahoji akina mama wazee walioishi siku hizo, na mwaka wa 1990 akatoa kitabu juu ya maisha yao. Wazee hao walimweleza kwamba kulikuwa na namna tatu za kufanya biashara. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Wale walioitwa malaya, neno ambalo leo ni tusi, walingoja ndani ya vyumba vyao, na mteja alipata pia chai, chakula na maji ya kuoga. Wazi-wazi walikaa nje ya milango yao na kutaja bei waziwazi.

Kwa nini tunakumbusha haya? Kwa sababu tangu zamani mwanamke alichagua mahali pa kufanyia kazi kwa kupima hatari. Aliyetembea barabarani usiku alikutana na askari. Aliyekaa chumbani alikuwa na majirani karibu. Wengine waliweka pesa mpaka wakajenga nyumba zao wenyewe pale Pumwani. Hawa walikuwa watu wenye akili, wakipiga hesabu zao kila siku kama mfanyabiashara yeyote.

HATARI YA KWANZA: MTU ASIYEMJUA

Ukiuliza watu wa nje, watakwambia hatari ya kazi hii ni ukimwi. Ukiwauliza wanawake wenyewe, wengi huanza na kupigwa. Ukimwi una dawa siku hizi, lakini mtu anayekunyonga usiku huu hana dawa.

Basi hufanya nini? Kwanza humsoma mtu kabla ya kukubali. Amelewa kiasi gani? Anaongea kwa heshima ama anatukana? Yuko peke yake, au wenzake wamejificha pale kwa gari? Mwanamke mwenye uzoefu hakubali kwenda na mmoja akakute watano.

Pili, bei na mambo yote hukubaliwa kabla ya kuondoka mahali penye watu, na pesa hulipwa kwanza. Ugomvi mwingi huanza wakati wa kulipa. Siku hizi wengi hulipwa kwa simu, na hapo pia kuna ujanja: kuna mwanamume anayetuma ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kampuni, na kuna anayetuma pesa halafu akaomba zirudishwe. Kwa hivyo mwanamke huangalia salio lake mwenyewe, haangalii ujumbe peke yake.

Tatu, ni yeye anayechagua mahali. Hupenda lojingi anayoijua, ambako yule anayekaa mlangoni anamfahamu na atagonga akisikia kelele. Kuingia kwa gari la mtu na kupelekwa asikokujua ni jambo linaloogopwa sana. Akilazimika kwenda, mwenzake huandika namba ya gari, na mteja huonyeshwa wazi kwamba imeandikwa. Mtu akijua ameonekana hupunguza ubaya.

Nne, kuna mambo madogo madogo ambayo sisi hatuwezi kuyafikiria. Hanywi kinywaji ambacho hakikufunguliwa mbele yake, kwa sababu ya dawa za kulevya ambazo mjini huitwa mchele. Huvaa viatu anavyoweza kukimbia navyo. Havai mkufu mgumu wala kitambaa shingoni, maana vinaweza kushikwa. Hatembei na pesa zote. Hujua mlango uko wapi na kama umefungwa kwa ufunguo.

Tano, huagana na mwenzake. "Ukiona saa sita imefika na sijapiga, nitafute." Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisilowezekana kwa mtu aliye peke yake.

HATARI YA PILI: MAGONJWA

Mwaka wa 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwapima wanawake wa Majengo, Pumwani. Waliona jambo la kutisha. Kati ya wale waliofanya kazi kwa bei ya chini, karibu wawili katika kila watatu walikuwa tayari na virusi.

Leo mambo yamebadilika, lakini mzigo bado ni mzito kwao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba karibu watu 5 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi. Makadirio ya miaka ya 2010 juu ya wanawake wanaouza ngono yalikuwa karibu 3 katika kila 10.

Tunajua makanisa hayakubaliani yote juu ya kondomu, na gazeti hili halitamaliza ubishi huo. Lakini tutakuwa waongo tukieleza jinsi wanawake hawa wanavyokaa hai bila kuitaja. Mambo wanayofundishana ni haya:

- Tazama tarehe ya mwisho na uone kwamba pakiti ina hewa ndani. Usiiweke mahali penye joto kali au penye jua.

- Tumia moja. Mbili kwa pamoja husuguana na kupasuka.

- Usipake mafuta ya kujipaka wala ya kupikia. Mafuta hudhoofisha mpira. Kuna mafuta maalum ya maji yasiyoharibu.

- Ikipasuka, au mtu akikulazimisha, usikae nyumbani ukilia. Nenda hospitali upewe dawa za dharura za kuzuia virusi, zile zinazoitwa PEP. Lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku 3, na kila saa ukiwahi ni afadhali. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hutumika ndani ya siku 5, na inafaa zaidi ukiwahi.

Tangu mwaka wa 2017 serikali imekuwa ikitoa pia dawa ya kumezwa kila siku na mtu ambaye hana virusi lakini yuko katika hatari. Inaitwa PrEP. Hii huzuia virusi vya ukimwi tu. Haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Kwa hivyo mwanamke hupimwa magonjwa ya zinaa mara kwa mara hata akijisikia mzima, kwa sababu mwili wa mwanamke unaweza kuficha kisonono miezi mingi bila dalili. Pia huchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi.

Na yule aliyepatikana na virusi? Tangu 2016 utaratibu wa Kenya ni kuanza dawa mara moja bila kungoja mwili udhoofike. Akizimeza vizuri mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa ngono. Hili ni jambo la furaha ambalo vijijini bado halijasikika vya kutosha.

MTEGO WA MTU ANAYEAMINIWA

Hapa kuna jambo linaloshangaza, na linatuhusu sisi sote. Wachunguzi wameona mara nyingi kwamba mwanamke huyu hutumia kondomu zaidi na mtu asiyemjua, lakini huiacha na mteja wa kila wiki, na zaidi sana na yule anayemwita mpenzi au bwana.

Ni kwa sababu gani? Kondomu inasema, "Sikuamini." Kwa mgeni si neno kitu. Lakini kwa mtu anayemlipia kodi ya nyumba, au anayemwahidi kumwoa, kuitaja ni kama kumtukana. Dereva wa lori anayepita njia ya Mombasa kwenda Malaba analala Mtito Andei kwa mama yule yule kila safari. Huyo si mteja tena, ni kama bwana. Ananunua unga, anaulizia watoto. Na njia ile ile dereva ana wengine mbele, na ana mke nyumbani. Hivyo mahali mwanamke anapoona amepumzika ndipo hatari inapoingia.

Akina mama wa vikundi, hapo mnaweza kumcheka? Wangapi kati yetu tumewahi kumwambia bwana aliyekaa mjini miezi sita, "Tupimwe kwanza"? Shida ni moja. Yeye ana jina baya na sisi tuna cheti cha ndoa, lakini mdomo unaofungwa ni ule ule.

HATARI YA TATU: ANAYEPASWA KUMLINDA

Sheria ya Kenya inakataza mtu kuishi kwa mapato ya ukahaba na kuwasimamia wanawake kwa faida. Hayo yako katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 153 na 154. Juu ya hiyo kuna sheria ndogo za miji, ambazo kwa miaka mingi zimetumika kuwakamata wanawake kwa kosa la kusimama barabarani. Baraza za miji zilikwisha serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, lakini askari wa kaunti bado watu wanawaita kanjo.

Wanawake husimulia kwamba wengi hawafiki mahakamani. Hutoa pesa pale pale barabarani, na wengine hudaiwa zaidi ya pesa. Kuna waliokuwa wakiogopa kubeba kondomu kwa sababu ilichukuliwa kuwa ushahidi. Angalia sasa jinsi hatari moja inavyomsukuma mtu kwa nyingine. Akiogopa askari, anahama mahali penye taa na kwenda gizani. Akiwa gizani, anaharakisha kuingia kwa gari kabla hajamsoma mtu. Akiogopa kukutwa na kondomu, anaiacha nyumbani. Akipigwa, haendi kuripoti, kwa sababu ataulizwa alikuwa akifanya nini huko. Na mwenye kupiga analijua hilo, ndiyo maana anamchagua yeye.

Lakini ni vizuri kila mtu ajue: Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haikusema kwamba kuna mwanamke anayeruhusiwa kunajisiwa. Kubaka ni kubaka, hata kama mwanamke alikuwa amekubali kulipwa halafu akakataa. Mtu akitendewa hivyo, mambo ya kufanya ni haya: asioge kwanza, asifue nguo alizovaa, aziweke kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, na aende hospitali mara moja. Matibabu hayangoji polisi. Hospitalini daktari hujaza fomu maalum ya waliotendewa ubaya wa ngono, na polisi hutoa fomu ya P3 kwa ajili ya kesi. Simu ya bure ya kuomba msaada wa mambo haya ni 1195.

Pia sheria ya mwaka wa 2006 juu ya ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi ndipo apewe huduma ya afya, na inalinda siri ya majibu yake. Muuguzi anayepeleka majibu ya mtu sokoni amevunja sheria.

HATARI YA NNE: KESHO

Pesa za kazi hii huja kwa usiku mmoja na kuisha kwa mchana mmoja. Kodi ya chumba, chakula, mtu wa kulala na watoto, karo, na pesa za kutuma nyumbani. Leo wateja watatu, kesho hakuna. Mwisho wa mwezi kuna watu, katikati ya mwezi ni kiangazi. Na umri ukipanda, bei inashuka.

Hapa ndipo hesabu za usalama huvunjika. Mwanamke anajua kabisa kwamba mteja anayetoa pesa mara mbili ili asitumie kondomu anamletea kifo. Lakini mtoto amefukuzwa shule jana. Kwa hivyo akiba si jambo la maendeleo peke yake. Aliye na shilingi elfu moja pembeni anaweza kusema "hapana" kwa mlevi, kwa mkorofi, na kwa asiyetaka kinga. Asiye na kitu hawezi. Nguvu ya kukataa hununuliwa mchana, kabla ya usiku kufika.

Ndiyo sababu wengi wako katika vyama vya mzunguko, kama ninyi. Huweka kidogo kila siku badala ya kila mwezi, kwa sababu pesa zao ni za kila siku. Wengine huwa na mfuko wa dharura wa kumtoa mwenzao aliyekamatwa, kumpeleka hospitali, au kumzika. Tukisema kweli, kuna wanawake waliozikwa mjini na wenzao hawa kwa sababu kwao hakuna aliyetaka kuchukua mwili.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Turudi Majengo. Ni nini kilichobadilisha mambo baada ya 1985? Dawa hazikuwako. Daktari peke yake hakuweza. Kulikuwa na muuguzi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Elizabeth Ngugi, ambaye alikaa na wanawake hao na kuwasikiliza. Waliitana katika baraza na kuchagua viongozi wao wenyewe, na viongozi hao wakawafundisha wenzao nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 1988 yeye na wenzake walitangaza matokeo: mafunzo yale na kondomu yalikuwa yamepunguza maambukizi mapya.

Kikundi kilifanya kitu ambacho mtu mmoja hawezi. Kama mwanamke mmoja anasema "bila mpira sitaki," mteja anamwacha na kwenda kwa mlango wa pili. Lakini kama milango yote inasema hivyo, mteja ataenda wapi? Ni kama wakulima wakikubaliana bei ya mahindi. Mmoja akiuza kwa hasara, wote wanaumia.

Mpaka leo kazi hiyo inaendelea kwa njia nyingi. Tangu 1998 kuna shirika la Bar Hostess lililoanzia kwa wahudumu wa baa Nairobi. Kuna waelimishaji rika wanaowapeleka wenzao kliniki, na wengine wamefundishwa sheria ili wajue la kusema kituoni. Wanawake hupashana habari za mteja mbaya: sura yake, gari lake, mahali anapopenda. Mmoja akipigwa leo, kesho hamsini wamejua.

LILILOTOKEA MWAKA WA 2025

Kwa miaka mingi wanawake hawa walikuwa na kliniki zao ambako hawakutazamwa vibaya. Nyingi ziliendeshwa kwa msaada wa Marekani. Msaada huo ulisimamishwa Januari 2025, na vituo vingi vilifunga milango au kupunguza kazi. Wanawake wakaambiwa waende hospitali za umma kama watu wote.

Hospitali za umma ni zetu. Kwenye benchi ya zahanati ndiko mko ninyi. Kwenye kamati ya zahanati wako wanachama wa vikundi vyetu. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba ni majirani zetu. Basi kama akija kuchukua dawa na sisi tukaanza kunong'onezana, hatarudi tena. Dawa ziko, hatuna kisingizio cha kusema hazikuwako. Atakayemfukuza ni jicho letu.

"JE, HATUHALALISHI DHAMBI?"

Swali hili ni la haki, na halikwepeki. Jibu letu ni hili. Yule mama wa Yohana sura ya 8 aliletwa mbele ya Yesu na watu wenye mawe mkononi. Mwanamume aliyekuwa naye hakuletwa. Yesu hakusema jambo lile ni jema. Lakini kwanza aliondoa mawe, ndipo akaongea naye juu ya maisha mapya. Mtu hawezi kusikia habari ya maisha mapya akiwa anakwepa mawe. Na Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi, aliokolewa pamoja na jamaa yake yote iliyokuwa ndani ya nyumba yake.

Na ukweli mwingine ni kwamba wengi hutoka pole pole. Mara chache mwanamke huamka asubuhi akaacha yote. Anaanza kibanda cha mboga, anapunguza wateja, anachagua walio salama, kibanda kikisimama ndipo anaacha. Katika mradi mmoja Nairobi, wanawake 227 walipewa mafunzo ya biashara na mikopo midogo. Taarifa yake ya 2009 ilionyesha kwamba karibu nusu yao waliacha kabisa, na waliobaki walikuwa na wateja wachache kuliko kwanza. Hawa hawakuachishwa kwa matusi. Waliachishwa na mtaji, na watu waliowaamini mpaka wakawakopesha.

KIKUNDI CHAKO KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Msimkatae mtu kwa sababu ya pesa anakotoa. Masharti ya kikundi yawe ni kuchanga, kuhudhuria na kulipa deni. Akirudi nyumbani akitaka kujiunga, afunguliwe mlango kama mwingine.

2. Mkopo wa kwanza wa mtu anayejaribu kuanza upya uwe mdogo, na marejesho yawe ya kila wiki. Mtu aliyezoea pesa za kila siku hushindwa kungoja mavuno.

3. Chagueni wawili wenye siri, mama mmoja na kijana mmoja, ambao mtu akipatwa na ubaya usiku anaweza kuwapigia na kusindikizwa hospitali kabla ya saa 72 kupita. Wekeni nauli yake katika mfuko wa dharura.

4. Mwanachama aliye kwenye kamati ya zahanati aulize: Dawa za PEP ziko? Kama haziko, hospitali ya karibu yenye nazo ni ipi? Siri za wagonjwa zinatunzwa?

5. Ongeeni na binti kabla hajapanda gari la kwenda mjini. Msimwambie tu "jichunge." Mwambieni mambo yakiharibika anaweza kurudi, na hataulizwa kitu mpaka amekula na kulala.

6. Kwa akina baba: wateja hawatoki mbinguni. Wanatoka vijijini mwetu, na wengine wako kwenye kwaya. Anayepiga, anayekataa kulipa, na anayelazimisha, akemewe na wanaume wenzake.

MASWALI YA KUJADILI

Mwenyekiti asome polepole, na kila mtu apewe nafasi ya kusema. Msitaje jina la mtu yeyote.

- Je, kuna mtu aliyewahi kukataliwa katika kikundi chetu, au akaacha mwenyewe, kwa sababu ya maneno ya watu? Alienda wapi?

- Binti wa hapa akipigwa mjini usiku wa leo, angempigia nani? Kwa nini angemwogopa yule mwingine?

- Katika hatari nne tulizosoma, ni ipi inayowapata pia akina mama walioolewa hapa kijijini?

- Mfuko wetu wa dharura unaweza kutoa kiasi gani leo, bila kikao?

Mkimaliza, msifunge mkutano kwa maneno peke yake. Pigeni simu. Kama kuna mtoto wa hapa aliye mjini ambaye hamjasikia sauti yake muda mrefu isipokuwa siku ya kutuma pesa, mpigieni leo. Msimwulize anatuma lini. Mwulizeni kama amelala salama.